Kutoka kwenye mizani mpaka ukutani: maswali mnayoniuliza sana kuhusu sanaa ya vyuma chakavu

Hapa nimeweka maswali ninayoulizwa karibu kila wiki, na vijana wanaotaka kuanza, na wateja, na majirani wanaosikia grenda inalia mpaka saa 12 jioni wakaja kuangalia kuna nini. Nafanyia kazi Dar es Salaam, vyuma vyangu vingi natoa mtaa wa Gerezani, nachomelea ndege, samaki, na sa hivi zaidi naunda watu. Majibu mengine ni marefu maana jambo lenyewe ni refu, mengine yamekuwa mafupi kwa sababu hayahitaji zaidi ya hapo.

Hivi hii si ni kazi ya kuchomelea tu, usanii uko wapi?

Mikono ni ileile kabisa, mashine ileile, rodi zilezile. Fundi wa mageti akishika bomba anaangalia urefu na unene wake, mi naangalia hayo hayo alafu naangalia na lilikuwa nini kabla halijafika hapa. Chukua pistoni iliyotoka kwenye injini ya daladala, upande mmoja utaikuta imekwaruzika vibaya, na mtu anayejua injini akiiona tu anakwambia hii ilikimbizwa oili imeisha. Nikiifanya kifua cha ndege mikwaruzo ile naiacha vilevile, siipigi rangi, siisugui. Geti zuri ni lile ambalo hujiulizi bomba lilitoka wapi, ila ndege wangu akikaa sawa unamwona ndege na unaiona injini kwa mara moja, na hicho ndo kitu kigumu kuliko kuchomelea kwenyewe, kimenichukua miaka na bado kuna siku kinanishinda.

Kwa nini mtu alipe hela nyingi kwa kitu kilichookotwa jalalani?

Hili ndo swali kubwa, na mi naona watu wengi wanalijibu vibaya kwa kusema "unalipia ubunifu" basi wanamaliza. Ngoja nieleze navoona.

Gia ya lori ikiwa mpya ina bei yake dukani, na kila siku inayotumika bei inashuka, mpaka siku meno yanalika na gereji wanaitupa pembeni. Hapo inakuwa haina bei kabisa, inakuwa uchafu, unaipa teke. Muokotaji akiibeba akaipeleka kwenye mizani inapata bei tena, ila bei ya kilo, yani pale gia haina tofauti na kipande cha reli au kitanda kilichovunjika, vyote ni uzito tu. Alafu nikija mi nikaichagua kwenye lundo, muuzaji mwenyewe anastuka, anaitoa kwenye mizani anaiangalia upya, na anaanza kuniuzia kwa kipande badala ya kilo. Nshaliona hili mara nyingi sana, chuma hakijabadilika hata gramu moja, kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja ameacha kukipima na ameanza kukiangalia.

Kuna mwanazuoni wa Uingereza anaitwa Michael Thompson alilieleza jambo hili mwaka 1979. Anasema vitu vingi thamani yake inashuka kadri muda unavyoenda, vichache thamani yake inapanda, na katikati kuna hali ya utakataka ambapo kitu hakina thamani yoyote wala hakuna anayekijali, na ni kwa kupitia hapo tu kitu cha kundi la kwanza kinaweza kuhamia la pili. Mi sikusoma hayo darasani ila nilipoyasikia niliona kabisa ni banda la mzee ninayenunua kwake Gerezani. Kwa hiyo jalala lina kazi yake kwenye safari hiyo, gia ingebaki nzima kwenye lori nisingeweza kuigusa, na wala isingekuwa sawa niiguse.

Sanaa hii ilianzia wapi? Ni ya wazungu?

Vitabu vingi vitakuanzishia Ulaya. Msanii Mfaransa Marcel Duchamp mwaka 1913 alipachika gurudumu la baiskeli juu ya stuli, na mwaka 1917 akapeleka choo cha kukojolea kwenye maonyesho New York akiwa amekisainia jina R. Mutt, wakakikataa, na kile chenyewe kilipotea. Nakala zilitengenezwa mwaka 1964, na moja iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 1.7. Picasso naye mwaka 1942 alichukua siti ya baiskeli na usukani wake akaviunganisha vikawa kichwa cha ng'ombe dume, vitu viwili tu, na mi mpaka leo sijaona kazi ya vyuma yenye vipande vichache kiasi hicho ikasema mengi vile.

Lakini hiyo ni historia ya makumbusho. Haiti pale Croix-des-Bouquets mhunzi mmoja, Georges Liautaud, alikuwa anatengeneza misalaba ya makaburi, na kuanzia miaka ya 1950 kazi zake zikaanza kutafutwa kama sanaa, na mji ule mpaka leo watu wanakata mapipa ya mafuta, wanayanyoosha, wanayachonga kwa patasi na nyundo. Trinidad mapipa hayohayo wakayafanya ngoma zinazotoa noti zote za muziki. Na hapa kwetu angalia Edward Saidi Tingatinga, alianza mwaka 1968 hivi, anachora kwenye vibao vya masonite vya kupigia dari kwa rangi za baiskeli, kwa sababu ndo vilivyopatikana na ndo alivyoweza kununua. Alifariki 1972, miaka minne tu ya kuchora, na jina lake limekuwa jina la aina nzima ya sanaa. Sisemi masonite ni skrepa, nasema kitu cha kiwandani kilichotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa kilipita kwenye mikono yake kikawa kitu watu wanakibeba kwenye ndege wanaenda kukitundika kwao.

Na wale mafundi wa Gerezani na Kamukunji wanaotengeneza majiko na masanduku kwa mapipa, nao ni wasanii?

Mi nasema wao ni walimu wangu, na swali la kama ni wasanii wanalipenda zaidi watu ambao hawajawahi kukunja bati. Nenda Kamukunji Nairobi usimame dakika kumi tu usikilize zile nyundo, pipa linafunguliwa, linanyooshwa, linakuwa sanduku la mwanafunzi wa bweni, bila umeme wowote. Nilichojifunza kwao ni kutotupa, kila kipande kinachobaki kinakuwa mfuniko wa kitu kingine. Tofauti iliyopo ni ya soko, wao wanauza kwa mtu anayetaka kupikia na mi nauza kwa mtu anayetaka kuangalia, na huyo wa kuangalia analipa zaidi, na sioni kama ni haki sana lakini ndo ilivyo.

Nimwangalie msanii gani wa Afrika kwanza?

El Anatsui, kabla ya mwingine yeyote. Ni Mghana aliyezaliwa 1944 na miaka mingi amefanya kazi Nsukka, Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali, akakaa navyo, baadaye akaanza kuvipondaponda na kuvikunja akaviunga kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, vikawa kama shuka kubwa la chuma linaloninginia ukutani linang'aa kama kitenge cha dhahabu. Wanamsaidia vijana wengi kwenye karakana, na kazi ikihamishwa wanaotundika wanaruhusiwa kuikunja upya, kwa hiyo haikai hivohivo mara mbili. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya kazi ya maisha yake yote, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa pale Venice, na 2023 akajaza ule ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern London. Kazi zake zinauzwa zaidi ya dola milioni 1. Sasa kizibo kina hadithi, pombe kali ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizoletwa na Wazungu pwani ya Afrika Magharibi wakati wa biashara ya watumwa, na yeye analijua hilo na amelisema, hajachukua vizibo kwa sababu vinang'aa tu.

Wa pili nenda Msumbiji, majirani zetu. Vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ilianza 1977 ikaisha 1992, na nchi ikabaki imejaa bunduki, zimefukiwa mashambani, zimefichwa kwenye mapaa. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Wakristo la Msumbiji wakaanzisha mpango, lete bunduki upewe jembe, au baiskeli, au cherehani, au mabati. Bunduki zilikatwa kabisa zisiweze kutumika tena, na vipande wakapewa wasanii wa Maputo. Kester, jina lake kamili Cristóvão Canhavato, mwaka 2001 akatengeneza kiti cha enzi kwa bunduki zile, kiko makumbusho ya British Museum, London, sasa hivi, na ukikiangalia vizuri utaona hakuna hata bunduki moja pale iliyotengenezwa Afrika. Mwaka 2004 wasanii wanne, Kester akiwemo, wakaunda mti mzima, urefu mita 3 na nusu, uzito nusu tani, na wanyama chini yake, wote ni silaha. Mi kazi hii inanigusa kwa sababu pale thamani haikupanda kutoka sifuri. Bunduki ilikuwa na bei kubwa, mtu angeweza kuiuza kwa jambazi kesho yake, na watu wakakubali kwa hiari yao iwe skrepa, yani kuifanya takataka ndo ilikuwa kazi yenyewe, na usanii ukaja baadaye.

Benin yupo Romuald Hazoumè, anatengeneza vinyago kwa madumu ya plastiki yale yanayovushiwa petroli ya magendo kutoka Nigeria, mdomo wa dumu ndo mdomo wa kinyago. Ana kazi moja ina madumu 304 yamepangwa kama watu walivyopangwa kwenye meli ya watumwa. Kinshasa yupo Freddy Tsimba anayechomelea maganda ya risasi, na kazi zake ukiwa mtu unayefuatilia mambo ya mashariki ya Congo utazielewa bila kuelezwa. Nairobi kuna Cyrus Kabiru na miwani yake ya ajabu ya vitu alivyookota, kuna Kioko Mwitiki na tembo wa mabati na vyuma, na Dickens Otieno anayekata makopo ya soda vipande vyembamba akavisuka kama mkeka.

Vyuma napata wapi, na naongeaje na muuzaji?

Kwenye mabanda ya vyuma chakavu yenye mizani, na kwenye gereji moja kwa moja. Gereji ni rahisi zaidi kwa kuanzia, fundi akibadilisha diski za breki za zamani anazirusha pembeni, ukimuomba kwa adabu na ukarudi siku nyingine na soda utazipata.

Bandani nenda asubuhi, lori la kiwandani likifika mchana linazoa kila kitu. Salimia vizuri, usianze kupekua lundo kabla hujaruhusiwa, ni kama kuingia jikoni kwa mtu. Mi mzee wangu nilimwamkia shikamoo kila nilipopita kwa wiki nzima bila kununua kitu, siku niliyonunua akaniuliza "kijana, wewe unataka vyuma gani, mbona unachagua vibovu?" nikamwonyesha picha ya ndege kwenye simu, akaangalia kimya, alafu akasema "kumbe", na tangu siku hiyo ananiwekea vitu pembeni.

Ila kuwa muwazi kwamba unataka vipande vya sanaa. Wapo wanaojifanya wananunua kwa kilo ili wapate rahisi, siku muuzaji akijua umempoteza milele.

Na tahadhari moja inayoniuma, usinunue kipuri ambacho bado kinafanya kazi. Cheni na spoku na sproketi zilizotumika fundi baiskeli mtaani anazitegemea, na mteja wake ni mtu wa kubeba mkaa au mikate. Ukija wewe na hela ya mteja wa mjini ukanunua cheni 40 nzima kwa sababu zimependeza, umepandisha bei kwa mtu asiye na namna. Chukua zilizokatika.

Ntajuaje hiki ni chuma gani?

Beba sumaku ndogo. Isiponasa inaweza kuwa alumini, shaba, brasi, au aina nyingi za stenlesi. Ikinasa gusa kwa grenda uangalie cheche, chuma laini cha kawaida kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, chuma kigumu chenye kaboni nyingi kama springi za lori zinapasukapasuka kama nyota, na chuma cha kumimina kama bloku ya injini kinatoa cheche fupi nyekundu zisizo na nguvu. Hicho cha kumimina kuchomelea kwa rodi za kawaida kinapasuka kikipoa, unasikia "tii" na kazi ya siku mbili imekwisha, kwa hiyo mi nakifunga kwa bolti tu. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 wakati chuma cha kawaida kinataka karibu 1,500, usijaribu kuviunganisha kwa moto, tumia nati au ribiti.

Kuna vitu gani nisiguse kabisa?

Hapa naomba msome taratibu.

Chochote kinachofanana na risasi nzima, bomu, kombora, au chuma cha duara usichokijua. Ngara mkoani Kagera mwaka 2017 wanafunzi walikufa shuleni kwa bomu la mkono, lilikuwa limeokotwa likidhaniwa ni chuma chakavu cha kwenda kuuza. Watoto. Na sisi wa Dar tunakumbuka Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka na mabomu yaliruka mpaka kwenye nyumba za watu. Ukiona kitu cha hivo ondoka, zuia wengine, waite polisi, hakuna sanamu yenye thamani hiyo.

Pipa au tanki lililofungwa lililowahi kubeba petroli, dizeli, tina ya kuyeyushia rangi, chochote. "Liko tupu" haina maana, mvuke uliobaki ndo unalipuka, na pipa lisilo na mafuta lina hatari kuliko lililojaa. Lioshwe, lijazwe maji, vifuniko vyote viwe wazi, na kama hujawahi kuona mtu akifanya basi usiwe wewe wa kwanza kujaribu. Shokapu za gari nazo ndani zina oili na nyingine gesi yenye presha, usizipige moto. Springi ya koili iliyobanwa ikichomoka inavunja taya. Compressor ya friji ina gesi na oili.

Chuma chenye zinki, yani mabati na mabomba meupe ya maji, ukichomelea kinatoa moshi mweupe, usiku unapata homa na kutetemeka kama malaria. Sugua zinki kwanza pale unapochomelea, fanyia kazi nje, upepo uwe mgongoni, vaa barakoa ya mafusho sio ile ya kitambaa. Najua kila karakana wanakwambia kunywa maziwa. Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda kwenye mapafu, hayakutani. Kunywa kama una njaa.

Betri za gari zina risasi, ile metali, inaingia mwilini kimyakimya na inaharibu watoto zaidi kuliko wakubwa. Mafuta ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na sumu inayokaa mwilini miaka. Brekipedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, usizisugue. Na waya usichome moto ili upate shaba, ule moshi mweusi unaujua mwenyewe, menya kwa kisu.

Nikinunua skrepa polisi hawatanikamata?

Ukinunua kitu cha wizi watakukamata na watakuwa sahihi. Kipande cha reli, alama ya barabarani, mfuniko wa chemba, waya wa umeme, mita ya maji, usikubali hata upewe bure. Kenya kuna sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara nzima ya skrepa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, mpaka miezi kadhaa baadaye ilipofunguliwa kwa masharti mapya ya leseni. Wasanii waliteseka pamoja na wafanyabiashara. Tanzania biashara hii ina vibali vyake na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wamo, kwa hiyo nunua kwa mwenye banda linalojulikana, omba risiti hata ya kuandika kwa mkono, piga picha lundo ulilonunua. Mi natunza risiti zangu kwenye kopo, zimenisaidia mara mbili njiani.

Nianze na vifaa gani?

Mashine ndogo ya kuchomelea ya invata, grenda ya inchi nne na nusu, rodi za milimita 2.5, brashi ya waya, nyundo, koleo ya kubania, helmeti ya giza, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika vidole. Kama huna hela ya mashine anza bila moto, funga kwa waya na bolti, El Anatsui hachomelei na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Kutu niiache au niitoe?

Inategemea unaishi wapi. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, ile hewa ya chumvi haiachi, kutu inayopendeza leo baada ya miaka mitatu imekula mguu wa ndege. Mi natoa ile inayobanduka kwa brashi, naiacha ile iliyoshika, naosha kwa maji baridi kutoa chumvi, nakausha siku hiyohiyo juani, alafu vanishi isiyo na rangi au mafuta ya kitani yaliyochemshwa, koti mbili. Kazi ya nje naipaka upya kila mwaka na namwambia mteja mapema. Ukiwa Dodoma au Arusha unaweza kuwa mvivu kidogo.

Kuna skrepa ambayo ni dhambi kuikata?

Ipo. Mfano ninaoupenda ni yale mainjini makubwa ya treni ya mvuke ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, daraja la 59. Yalitengenezwa 34 huko Manchester na kampuni ya Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, kila moja likapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, kila moja lina tani zaidi ya 250, hapakuwa na injini kubwa kuliko hizo kwenye reli za mita moja duniani. Dizeli ilipokuja yakastaafishwa, yakakatwa kwa kilo. Yamebaki mawili, yote Nairobi, na sa hivi wapenzi wa treni wanasafiri kutoka mabara mengine kuja kuyaona. Aliyekata mojawapo hakufanya kosa kwa macho ya siku ile, lilikuwa takataka halali kabisa, lilikuwa tu halijafika zamu yake ya kupanda.

Kwa hiyo mi kabla sijakata kitu cha zamani kilicho kizima, cherehani ya kukanyaga, mizani ya duka, mashine ya uchapaji, nasubiri mwezi. Naulizia wazee, natafuta namba ya kiwanda, nikiona bado kuna mtu anaweza kukitumia au kukitunza namuuzia yeye.

Bei napangaje?

Watu wanaanza na uzito wa chuma na hapo ndo wanaharibu, maana ukimtajia mteja kilo umemrudisha kwenye mizani, na kwenye mizani wewe umeshashindwa. Hesabu siku ulizofanya kazi, pamoja na siku za kutafuta vipande, kuna kazi nilitafuta gia mbili zinazofanana miezi mitano. Weka umeme, diski, rodi, usafiri. Weka fungu la aliyekuuzia, nalielezea chini. Alafu ongeza kitu kwa ajili ya kazi tatu zilizoharibika ndo ukapata hii moja. Tuseme vyuma ni shilingi 15,000, diski na rodi na umeme 40,000, siku sita kwa 30,000 ni 180,000, tayari uko 235,000 na hujaweka jicho lako, sasa mtu akikwambia "si vyuma vya 15,000 tu hivi" unamwonyesha hesabu bila kugombana.

Usiuze kazi ileile bei mbili kwa sababu mmoja ni mgeni na mwingine ni mwenyeji. Kwa mwenyeji tengeneza ndogo.

Nikisafirisha nje forodhani si wataona ni skrepa?

Inatokea, na haijaanza leo. Mwaka 1926 sanamu ya ndege ya Constantin Brancusi, shaba iliyong'arishwa isiyo na mabawa wala manyoya, ilifika New York maofisa wakaitoza ushuru wa asilimia 40 kama vyombo vya chuma, wakati sanaa ilikuwa haitozwi. Kesi ikaenda mahakamani, mwaka 1928 mahakama ikaamua ni sanaa. Wewe andaa picha za kazi ikitengenezwa, jina, mwaka, saini iliyochomelewa kwenye kazi yenyewe, barua ya mnunuzi. Na safisha oili yote, oili ikivuja kwenye boksi hakuna barua itakayokusaidia.

Muokotaji anapata nini kwenye haya yote?

Kwa kawaida hapati kitu, na hili ndo linaloninyima usingizi kuliko kutu. Yule kijana anayesukuma mkokoteni kutoka Buguruni ndo wa kwanza kuona thamani kwenye kitu kilichopigwa teke. Anaijua shaba nyekundu kwa kuikwaruza na kucha, anajua mota ya pangaboi ina nini ndani, anachagua siku nzima juani, na analipwa kwa kilo. Mi nikichagua kipande hichohicho mara ya pili naitwa msanii.

Ninachofanya ni hiki, sina uwezo wa kufanya zaidi kwa sasa. Kazi ikiuzwa asilimia kumi inarudi bandani, mzee na waokotaji wanagawana mbele yangu. Kwenye kijikaratasi cha kazi naandika vyuma vimetoka banda gani na lori gani kama tunajua. Na muokotaji akileta kipande cha ajabu nanunua kwake kwa bei ya kipande, hapohapo, hata kama sijui ntakifanyia nini. Wasanii wenzangu wengine wanasema hii inaharibu soko, kwamba kila nati itakuwa na bei ya makumbusho. Kweli bei zimepanda kidogo pale bandani, na mi nalipa, kwa sababu siwezi kusimama mbele ya watu nikasema chuma hiki kina thamani alafu nikamwambia aliyekiokota kwamba kwake hakina.

Kazi isiponunuliwa unaifanyia nini?

Nyingine nazibomoa nikatumia vipande upya, chuma hakikatai. Nyingine nazirudisha bandani. Kuna samaki mkubwa wa diski za breki na cheni, alikaa karakana miaka miwili hakuna aliyemtaka, mkia ulinishinda tangu mwanzo na nilijua, nikampakia kwenye bajaji nikampeleka kwa mzee apimwe. Mzee akampandisha kwenye mizani, akasoma, kilo 31, akawa anatoa hela mfukoni, alafu akasita, akamshusha, akamwita kijana wake alete waya. Wakamtundika juu ya mlango wa banda. Yupo mpaka leo, chumvi imeanza kumla upande wa kushoto, na watu wakiulizia bei yake mzee ananipigia simu tukubaliane.